Kabla ya kununua hedifoni nyingine

Tarehe 3 Agosti 2023, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipata hati yake rasmi. Makao yake yako Konza, kwenye ardhi ya Malili katika Kaunti ya Makueni, na kimeanzishwa ili kufundisha kwa mtandao. Kijana wa Mutomo, Kyuso au Kibwezi sasa anaweza kusomea shahada akiwa kwao nyumbani, bila kulipa nauli wala kodi ya chumba mjini. Tangu 2016 serikali imekuwa ikiwahimiza vijana, kupitia mpango wa Ajira Digital, watafute riziki mtandaoni: kunukuu sauti, kuhudumia wateja, kufundisha kwa video. Mahakama nazo zilianza kusikiza kesi kwa video mwaka 2020 korona ilipoingia, na mpaka leo wakili anaweza kumtetea mteja wake akiwa ameketi mbele ya laptopu.

Masomo, kazi na hata haki sasa vinapitia masikioni. Hata hivyo, katika mafunzo ya kidijitali ambayo nimehudhuria au kusaidia kuyaendesha Kitui na Makueni, sijaona hata saa moja ikitengwa kumfundisha kijana la kufanya pale hedifoni zake zisizo na waya zinapokataa kutoa sauti dakika kumi kabla ya mahojiano ya kazi. Tunamfundisha kuandika wasifu wake na kufungua barua pepe. Tunamwonyesha jinsi ya kujisajili kwenye tovuti za kazi. Siku ya siku ikifika, sauti inakataa, na hana wa kumuuliza.

Basi anafanya lile analoona la busara: ananunua hedifoni nyingine. Hizo nazo zikileta matatizo yale yale, anaamua kwamba laptopu ndiyo mbovu, au kwamba kazi za mtandaoni si za watu wa kwetu. Hapo ndipo penye uchungu. Kwa ninavyoona, sehemu kubwa ya hedifoni zinazolaumiwa huku kwetu hazina kasoro yoyote. Kilichokosekana ni mtu wa kumwonyesha mwenyewe namna ya kulitafuta kosa, na ujuzi huo ni wa lazima kama kusoma na kuandika kwa yeyote anayetegemea kompyuta kupata mkate wake.

Nitoe mfano mmoja. Jumamosi moja, katika saiba mjini Wote, binti aliyekuwa akijiandaa kwa mahojiano ya kazi ya kuhudumia wateja aliniita.

"Mwalimu, hizi hedifoni zimenila pesa bure. Asubuhi nimesikiliza nyimbo, sauti safi kabisa. Nikiingia tu kwenye Zoom, inakuwa mbovu, siwezi kushika hata jina la anayeongea."

"Toka kwenye Zoom kwanza, mwanangu. Cheza wimbo."

Akacheza. Besi na gitaa vikasikika vizuri.

"Sasa uache wimbo ukiendelea, halafu ufungue Zoom tena."

Mara tu Zoom ilipofunguka na kuwasha maiki, besi ikatoweka, gitaa likafifia, sauti ikawa ya simu ya zamani. Hedifoni zilikuwa zile zile na wimbo ule ule. Tukaingia kwenye mipangilio ya sauti ya Zoom. Mahali pa kuchagua maiki palikuwa na jina la hedifoni. Nikamwambia achague maiki ya laptopu yenyewe, na hedifoni aziache zibaki upande wa kusikiliza pekee. Hazikupita sekunde tatu, sauti ikarudi kamili.

"Kumbe ni hivyo tu, Mwalimu?"

Ni hivyo tu. Lakini hakuna mtu angeweza kulibuni jambo hilo kichwani bila kuelezwa sababu yake, na sababu yenyewe si ngumu kuielewa.

Bluetooth ilianza mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson mjini Lund, Sweden, wahandisi walipotaka kuondoa waya kati ya simu na vifaa vyake. Mwaka 1998 Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba ziliungana kuifanya kanuni ya wote. Wakati huo hakuna aliyefikiria kwamba siku moja mwanafunzi angesikiliza mhadhara na kuuliza maswali kwa wakati mmoja, kwa saa mbili, kupitia njia hiyo nyembamba. Kwa hiyo Bluetooth ya kawaida ina namna mbili za kupitisha sauti. Ya kwanza ni ya kusikiliza tu: sauti inatoka kwenye laptopu kwenda masikioni, kushoto na kulia, kwa kasi inayoweza kufikia kilobiti zipatazo 328 kwa sekunde, nayo inabeba sampuli 44,100 kila sekunde sawa na diski ya CD. Ya pili ni ya kuzungumza: sauti inakwenda na kurudi, na katika mfumo wa zamani kila upande unapewa kilobiti 64 kwa sekunde na sampuli 8,000 pekee. Mfumo ulioboreshwa unafikisha sampuli 16,000, lakini ni lazima laptopu na hedifoni zote mbili ziujue.

Sauti ikipimwa kwa sampuli 8,000, kila mlio unaozidi masafa ya hezi 4,000 hukatwa. Huko juu ndiko herufi za s, f na sh zinakokaa. Ndiyo maana mtu anayesikiliza kwa namna hii huchoka upesi: anasikia mngurumo wa maneno lakini kingo zake hazipo, na akili inafanya kazi ya ziada kuyajaza. Mhojiwa anayerudia "samahani, sijakusikia" mara ya nne huonekana mzito wa kuelewa, ilhali masikio na akili yake ni salama salimini.

Hedifoni haziwezi kutumia namna hizo mbili kwa pamoja. Programu yoyote ikiomba maiki ya hedifoni, laptopu huzihamisha zote kwenye namna ya kuzungumza. Kwenye Windows 10 jambo hili huonekana wazi, kwa sababu kifaa kimoja hujiorodhesha kwa majina mawili: moja linaishia na neno "Stereo", lingine na maneno "Hands-Free AG Audio". Anayechagua la pili bila kujua huishi na sauti mbovu hata anapotazama filamu. Kwenye Windows 11 majina hayo yameunganishwa kuwa moja na mfumo unajibadilisha wenyewe, jambo linalopunguza mkanganyiko na pia kuificha sababu. Kompyuta za Mac nazo zina tabia hiyo hiyo.

Hilo ni kosa moja. Yapo mengine, nayo yana mpangilio wake wa kutafutwa. Kisima kisipotoa maji, hakuna mzee wa Ukambani atakayeanza kuchimba kingine kabla ya kukagua pampu, vali na bomba. Hedifoni zinataka subira hiyo hiyo: kuanza na lililo rahisi na kuondoa uwezekano mmoja baada ya mwingine.

Kama hakuna sauti kabisa, zima Bluetooth ya laptopu kwanza na ucheze kitu kwenye spika zake. Spika nazo zikinyamaza, hedifoni hazina hatia; tatizo liko ndani ya laptopu, pengine sauti imezimwa au mfumo wa sauti umekwama, na kuizima na kuiwasha upya mara nyingi hulimaliza. Spika zikilia, ziunganishe hedifoni na simu. Zikifanya kazi kwenye simu, umejua kwamba ni nzima, na pesa yako imebaki mfukoni.

Kisha itazame simu yenyewe. Hedifoni nyingi huikumbuka simu ya mwenyewe na kuirukia kila zinapowashwa. Umekaa mbele ya laptopu ukishangaa ukimya, kumbe zimekwisha kushikana na simu iliyo mfukoni mwako au chumba cha pili. Zima Bluetooth ya simu, kisha uziunganishe na laptopu. Zikiunganika na bado hazitoi sauti, bonyeza alama ya spika chini ya skrini na uhakikishe kwamba laptopu imeambiwa itoe sauti kupitia hedifoni. Kumbuka pia kwamba Zoom, Google Meet na Teams zina mipangilio yao ya sauti. Laptopu inaweza kuwa imepangwa sawasawa, lakini programu ya mkutano ikawa bado inapeleka sauti kwenye spika.

Kama sauti inakatika-katika, tatizo kwa kawaida liko hewani. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yale yale yanayotumiwa na Wi-Fi nyingi. Ili kukwepa msongamano, hurukaruka mara 1,600 kwa sekunde kwenye mikondo 79. Kijijini Ikutha, kwenye nyumba moja yenye simu mbili, hewa ni tupu. Katika saiba ya Kitui mjini yenye ruta yake, ruta za maduka jirani na simu ishirini mifukoni mwa watu, hewa imejaa. Ruta ikiwa na masafa ya gigahezi 5, hamishia laptopu huko. Diski au flashi ya USB 3.0 iliyochomekwa karibu pia husumbua. Mwaka 2012 Intel ilichapisha maelezo ikionyesha jinsi vifaa hivyo vinavyotoa kelele ndani ya masafa hayo hayo ya 2.4. Mwili wa binadamu nao, ambao sehemu kubwa ni maji, hunyonya mawimbi hayo, kwa hiyo laptopu iwe mbele yako mezani.

Kuna chanzo kingine ambacho vitabu vya maelekezo vilivyoandikwa ng'ambo hukitaja kwa kupita tu, ilhali huku kwetu kina uzito: stima. Stima ikipotea, laptopu huingia katika hali ya kubania chaji. Windows ina ruhusa ya kuzima vifaa vidogo ili betri idumu, na Bluetooth ni kimojawapo. Mtu anayefanya kazi Mtito Andei kwa betri, au kwa sola ambayo haijajaa, ataona hedifoni zikikatika kila baada ya muda bila kuelewa kwa nini. Dawa yake iko kwenye orodha ya vifaa vya laptopu: fungua kifaa cha Bluetooth, nenda sehemu ya nishati, na uondoe alama inayoiruhusu kompyuta kukizima. Hedifoni zenyewe pia zikikaribia kuishiwa chaji huanza kukatika kabla ya kuzimika. Zichaji usiku kabla ya siku ya kazi, kama unavyochaji simu.

Yote hayo yakishindikana, iambie laptopu izisahau hedifoni kabisa, ziweke katika hali ya kuoanishwa, na uanze upya. Hatimaye pakua draiva ya Bluetooth kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu yako, wala si kutoka tovuti yoyote inayojitokeza kwanza kwenye utafutaji. Baada ya hapo ndipo ulipo na haki ya kusema kifaa kimeharibika.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa makusudi, ili msomaji aone kwamba hakuna hata hatua moja inayohitaji shahada ya uhandisi. Zinahitaji mtu aliyeelekezwa mara moja na kupewa nafasi ya kujaribu kwa mikono yake.

Wako watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya fundi. Nawaheshimu mafundi wetu, na wengi wao ni wastadi wa kuchomelea na kubadilisha vioo vya simu. Lakini tatizo hili hutokea saa mbili kasorobo asubuhi, wakati mahojiano ni saa mbili kamili, na fundi hajafungua duka. Isitoshe, ni tatizo la mipangilio, na mipangilio hubadilika kila programu inaposasishwa. Ujuzi wa jambo la namna hiyo haufai kuazimwa. Lazima mtu awe nao mwenyewe.

Wako pia watakaosema vifaa vipya vitamaliza tatizo. Kuna ukweli ndani yake. Januari 2020 wasimamizi wa Bluetooth walitangaza mfumo mpya wa sauti, LE Audio, unaoweza kubeba mazungumzo yenye ubora zaidi kwa chaji kidogo. Lakini mfumo huo unataka laptopu na hedifoni zote ziwe za kisasa. Vijana wengi wa Kitui na Makueni wanatumia laptopu kuukuu zilizokwisha kutumika Uingereza au Marekani, zikapitia maduka ya Nairobi na kuuzwa hapa kwa bei wanayoimudu. Nyingi hazina uwezo wa kupokea Windows 11, na Microsoft ilikomesha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu hizo zitaendelea kufanya kazi miaka mingi ijayo mikononi mwa watu wetu. Kuwaambia wasubiri teknolojia mpya ni kuwaambia wasubiri kazi pia.

Kwa anayenunua leo, ushauri wangu ni wa moja kwa moja. Kama unasikiliza na kunukuu sauti tu, hedifoni zisizo na waya zinafaa, kwa kuwa huhitaji maiki na utapata sauti kamili. Kama kazi yako ni kuzungumza na wateja, au una mahojiano, tafuta iafoni za waya zenye maiki. Bei yake ni nafuu, hazihitaji chaji, na sauti yake haishuki ukianza kuzungumza. Maiki ya laptopu inafaa pale tu chumba kinapokuwa kimya. Ukiwa karibu na soko au stendi ya matatu, itachukua kelele zote na kumpelekea anayekuhoji. Na kama unarekodi nyimbo, waya hauepukiki. Sauti ya Bluetooth huchelewa, na kuchelewa huko kunaweza kufikia sehemu moja au mbili za kumi za sekunde. Mwimbaji anayejisikia akiwa amechelewa kiasi hicho hawezi kwenda na mdundo wa benga.

Na wauzaji? Duka linalouza hedifoni lingefaa kumwambia mnunuzi ukweli huu kabla ya kupokea pesa: ukitumia maiki yake kwenye laptopu, ubora wa sauti utashuka. Kwenye boksi ataona picha ya mtu anayetabasamu na maneno ya sifa. Tofauti ya kusikiliza na kuzungumza haitajwi, nayo ndiyo itakayoamua kama kifaa kinamfaa.

Jukumu kubwa zaidi liko kwa serikali zetu za kaunti, na halina utata wa kisheria. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Kitui na Makueni hazihitaji ruhusa ya Nairobi kuongeza somo fupi katika vyuo hivyo na katika vituo vya kidijitali vya vijana. Siku mbili zinatosha: ya kwanza ya kueleza jinsi sauti, picha na mtandao vinavyosafiri ndani ya laptopu, ya pili ya kuharibu mipangilio kwa makusudi na kumwachia kila mwanafunzi alitafute kosa mwenyewe. Mwalimu anaweza kubadilisha chaguo la maiki, kuzima huduma ya Bluetooth, kuiunganisha hedifoni na simu iliyofichwa kwenye droo, kisha aseme: tafuta. Kijana aliyelitafuta kosa mara sita darasani hatatetemeka akilikuta siku ya mahojiano.

Tumekwisha kuona kinachotokea tunapoanza na vifaa na kuuacha ujuzi nyuma. Mwaka 2013 taifa liliahidiwa laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza. Kuanzia 2016, vishikwambi zaidi ya milioni moja vilisambazwa katika shule za msingi. Ilikuwa nia njema na kazi kubwa. Lakini palipokosekana mtu wa kuvitunza na kuvirekebisha, vilifungiwa kabatini, na mtoto aliyeahidiwa dunia mpya akarudi kwenye kitabu chake cha zamani. Makosa hayo tusiyarudie kwa vijana wanaotafuta kazi, kwa sababu wao hawana muhula mwingine wa kusubiri.

Kuna faida nyingine isiyoonekana upesi. Mtu aliyejifunza kulitafuta kosa la sauti kwa mpangilio amejifunza namna ya kufikiri inayomfaa kwenye printa iliyokwama, kwenye pampu ya umwagiliaji Kibwezi, na kwenye hesabu za chama zisizolingana. Anajua kutenganisha kilicho kizima na kisicho kizima, kubadilisha kitu kimoja kwa wakati, na kuamini anachokiona kuliko anachokidhania. Waajiri wa mtandaoni hawawezi kuketi kando ya mfanyakazi aliyeko Mwingi wakamwonyesha pa kubonyeza. Wanamtaka anayeweza kujinasua mwenyewe.

Madiwani wa Kitui na Makueni wanapoketi kupitisha bajeti ya vyuo vya ufundi na vituo vya vijana, nawaomba waulize swali moja waziwazi: katika pesa hizi, ni ngapi za kununua vifaa, na ni ngapi za kumfundisha mtu kuvifanya viendelee kufanya kazi? Kama fungu la pili ni sifuri, bajeti hiyo irudishwe ikaandikwe upya.